MASHUA NDOGO KATIKA MAJI MACHACHE
Somo: Luka 5:1-3



Huko Uingereza, jumba la makumbusho liitwalo Imperial War Museum limehifadhi mashua moja ya tanga, jina lake Tamzine. Ni mashua ya mbao isiyo na sitaha, na urefu wake haufiki futi 15. Iliundwa mwaka 1937 kwa ajili ya uvuvi wa karibu na pwani. Mtu akiiona huenda akauliza: imefikaje mahali panapotunzwa mizinga na ndege za vita?

Mwezi wa Mei, 1940, majeshi ya Uingereza na ya wenzao yalizingirwa na Wajerumani huko Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Nyuma yao adui, mbele yao bahari. Jumapili tarehe 26 Mei, Waingereza walikusanyika makanisani kwa siku ya maombi iliyotangazwa na Mfalme George wa Sita. Jioni ya siku hiyo hiyo, Admirali Bertram Ramsay, akiwa Dover, alipewa amri ya kuanza kuwavusha askari.

Manowari zilikuwako. Lakini ufuo ule una maji machache kwa mwendo mrefu, na meli kubwa ikisogea hukwama mchangani. Askari walisimama majini mpaka kifuani, wakingoja, huku mabomu yakianguka. Ndipo mashua ndogo zilipohitajika. Zilichukua watu wachache kutoka ufuoni, zikawafikisha kwenye meli, zikarudi tena.

Kufikia tarehe 4 Juni askari 338,226 walikuwa wameokolewa. Wengi wao, 239,446, walipanda meli bandarini. Lakini 98,780 walitolewa ufuoni, mahali ambapo meli kubwa hazikuweza kufika. Tamzine ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyofanya kazi hiyo.

Ndugu yangu, pengine umesema moyoni, "Mimi sikusoma, wala sijui kuhubiri. Kanisa lina maaskofu na wainjilisti. Mimi ni wa nini?" Kumbuka kwamba wako watu waliosimama majini, ambao meli kubwa haiwafikii. Yuko mama aliyefiwa, ambaye tangu mazishi hajarudi kanisani. Yuko kijana anayeona haya kurudi kwa baba yake. Mhubiri hawajui hao. Wewe unawajua, na mlango wao uko hatua chache kutoka kwako.

Bwana Yesu aliposongwa na watu kando ya ziwa, hakutafuta chombo cha mfalme. Aliingia katika chombo cha Simoni mvuvi, akamwomba akisogeze kidogo tu kutoka nchi kavu. Chombo kilichokesha bila kupata samaki kikawa mimbari.

Tamzine peke yake haikuokoa jeshi. Sisi nasi hatuokoi mtu. Mwokozi ni Kristo. Kazi yetu ni kumfikisha mtu kwake. Basi juma hili mtaje mtu mmoja kwa jina mbele za Mungu, kisha inuka uende kwake.

Na tuombe. Ee Bwana, tusamehe tulipojificha nyuma ya udogo wetu. Ingia chomboni mwetu, utuelekeze kwa yule anayengoja. Kwa jina la Yesu. Amina.