Mwanafunzi Amsahihishapo Mwalimu Wake

Jioni ya leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za matabibu na wanavyuoni wa nchi za Kiislamu waliokuwako tangu karne ya tisa hata karne ya kumi na tatu baada ya kuzaliwa Kristo. Watu hao walikaa Baghdad, na Rayy, na Damascus, na Cairo. Wengi wao waliandika kwa Kiarabu, ingawa si wote waliokuwa Waarabu, wala si wote waliokuwa Waislamu. Nasi huku tumepata fungu katika urithi wao, kwani tusemapo dawa, na tabibu, na afya, na hesabu, na sifuri, twatumia maneno yaliyotoka katika lugha waliyoiandika.

Hatutawahesabia majina na vitabu vyao vyote, maana usiku ungekucha hatujamaliza. Twataka kuwaonyesha jambo moja tu, nalo ni hili: watu hawa walikuwa na mwalimu waliyempenda na kumheshimu kupita wote, na hata hivyo walipomkuta amekosa, walisema kwamba amekosa.

Mwalimu huyo alikuwa Galen, Myunani aliyezaliwa mwaka wa 129 katika mji wa Pergamon, Asia Ndogo. Waarabu walimwita Jalinus. Alikwenda Rumi, akawatibu hata Makaisari, akaandika vitabu vingi mno. Yeye ndiye aliyeonyesha ya kuwa mishipa itokayo moyoni imejaa damu, ambapo wengine kabla yake walidhani imejaa hewa. Lakini katika siku zake haikuruhusiwa kupasua maiti ya mtu. Basi Galen alipasua nyani na nguruwe, na aliyoyaona katika wanyama akayakisia kwa wanadamu. Mara nyingi alikisia vema. Mara nyingine alikosa.

Vitabu hivyo vingalipotea vingi kama si kazi ya mtu mmoja wa Baghdad, jina lake Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka wa 873. Hunayn alikuwa Mkristo wa mji wa al-Hira, akawatumikia Makhalifa Waislamu, akavifasiri vitabu vya Galen kwa Kisiria na kwa Kiarabu. Hakuridhika na nakala moja ya kitabu. Alitafuta nakala kadiri alivyoweza kupata, akazilinganisha, akaondoa makosa ya wanakili, ndipo aliposhika kalamu kufasiri. Mwenyewe aeleza kwamba kwa ajili ya kitabu kimoja tu alisafiri Iraki, na Sham, na Palestina, na Misri mpaka Aleksandria, asikipate. Akaambulia karibu nusu yake huko Damascus. Alituachia orodha ya vitabu vya Galen, navyo vyapata 129. Angalieni basi: Mkristo, katika mji wa Waislamu, ahangaika kuyaokoa maneno ya Myunani aliyeabudu miungu mingine. Elimu haikumwuliza mtu kabila lake wala dini yake.

Baada ya vitabu kufasiriwa, watu walianza kuvisoma huku wakiwatazama wagonjwa wenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Katika mji wa Rayy, karibu na mahali ulipo mji wa Tehran leo, alizaliwa tabibu aitwaye al-Razi, aliyefariki yapata mwaka wa 925. Alisimamia hospitali ya Rayy, kisha hospitali ya Baghdad. Katika vitabu vyake kimoja kidogo ndicho kilichosifiwa sana, nacho chaeleza habari za ndui na surua. Magonjwa haya mawili huanza kwa homa, na katika siku za kwanza ni vigumu kuyapambanua. Al-Razi aliwafundisha matabibu kuangalia dalili: maumivu ya mgongo ni ya ndui zaidi, na kichefuchefu na mahangaiko ya moyo huzidi katika surua. Tena alieleza jinsi ya kuyalinda macho ya mgonjwa wa ndui, maana wengi waliopona walibaki vipofu. Sisi twashukuru kwamba ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwaka wa 1977, na mwaka wa 1980 mataifa yakatangaziwa kwamba ugonjwa huo umetoweka. Lakini wazee wetu waliujua, na atakaye kujua thamani ya kitabu cha al-Razi na akumbuke makovu yaliyokuwa nyusoni mwao.

Tabibu huyu alikuwa na desturi ya kupima mambo. Yeye mwenyewe aandika kwamba alipowaona wagonjwa wenye dalili za uvimbe wa ubongo, kundi moja aliwatoa damu, na kundi jingine akawaacha kwa makusudi, apate kujua kama dawa ile yafaa. Leo twajua ya kuwa kutoa damu hakuponyi ugonjwa ule. Dawa haikuwa njema, lakini njia ya kupima ilikuwa njema. Nasi twaitumia njia hiyo hata sasa, tulinganishapo waliopewa dawa na wasiopewa.

Mtu apimaye hivyo hawezi kukaa siku nyingi asigombane na vitabu. Al-Razi aliona katika hospitali homa ambazo hazikwenda kama Galen alivyoandika. Basi akatunga kitabu akakiita Shaka juu ya Galen. Mwanzoni mwa kitabu hicho aonekana kama mtu aliyefadhaika. Akiri kwamba hakuna aliyemfaidia zaidi ya Galen, na kwamba haimpendezi kumpinga mtu aliyemtendea mema mengi kiasi hicho. Walakini asema ya kuwa uganga na falsafa hazikubali mtu kumfuata mkubwa bila ya hoja, na Galen mwenyewe aliwalaumu waliotaka kufuatwa hivyo. Yaani alipomsahihisha mwalimu, alikuwa akimtii.

Wala msidhani kwamba al-Razi hakukosa. Alifundisha ya kuwa ndui yatokana na damu ya mtoto kuchemka, kama maji ya zabibu yageukavyo kuwa mvinyo. Sivyo. Naye alihitaji wa kumsahihisha.

Sasa tutazame jambo la macho. Wayunani wengi walifundisha kwamba jicho hutoa kitu kama mwali, ukaenda kuvigusa vitu, ndipo tukaviona. Na Galen alishika mafundisho hayo kwa namna yake. Kati ya mwaka wa 1011 na 1021, Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyekaa Cairo, aliandika kitabu kikubwa cha habari za nuru. Alisema kwamba nuru ndiyo itokayo katika vitu ikaingia machoni. Kwani mtu akilitazama jua macho humwuma. Kama jicho ndilo lipelekalo, lingeumizwa na nini? Wazee wetu husema macho hayana pazia, na neno hilo lamfaa sana bwana huyu.

Hakutaka watu wamsadiki kwa maneno matupu. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu lililoelekea mahali penye giza. Ukutani, ndani ya giza, pakaonekana doa la nuru kwa kila taa. Alipoifunika taa moja, doa lake likatoweka, na mengine yakabaki. Akajua ya kuwa nuru huenda kwa njia iliyonyoka, na ya kuwa nuru za taa mbalimbali hupita katika tundu moja bila kuchanganyikana. Jambo hili aweza kulijaribu mtu ye yote mwenye vibatari vitatu na ubao uliotobolewa. Twawaomba walimu mtusikiao mlijaribu pamoja na watoto.

Tuje Misri. Mwaka wa 1200 mto Nile haukupanda kama desturi, na njaa kuu ikaingia katika nchi. Watu wakafa hata wakakosa wa kuwazika. Wakati huo alikuwako huko tabibu wa Baghdad, jina lake Abd al-Latif. Akaambiwa kwamba mahali paitwapo al-Maqs, karibu na Cairo, pana kilima cha mifupa ya watu. Akaenda na wenzake. Ni jambo la kuhuzunisha, nasi hatulisimulii kwa furaha. Lakini maiti wale waliwafundisha walio hai. Galen ameandika kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili iliyoungana. Abd al-Latif akashika taya moja, akageuza, asione mshono. Akashika jingine, vivyo hivyo. Yeye na wenzake wakatazama mafuvu zaidi ya 2,000, na kila taya lilikuwa mfupa mmoja. Alimtukuza sana Galen. Lakini aliandika ya kuwa ushahidi wa macho ni wa kusadikiwa kuliko maneno yake.

Kwa muda wa miaka elfu moja watu walikuwa wakisoma habari za mifupa miwili, na kila msomaji alikuwa na taya lake mwenyewe kinywani!

Wa mwisho tutakayemtaja ni Ibn al-Nafis. Alijifunza uganga katika hospitali ya Nuri, Damascus, kisha akahamia Cairo. Siku zile kitabu kilichotawala mashule ya uganga kilikuwa al-Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo, kikasomeshwa Ulaya hata karne ya kumi na saba. Katika habari za moyo, Ibn Sina alimfuata Galen, naye Galen alisema hivi: moyo una chumba cha kuume na chumba cha kushoto, na katika ukuta ulio kati yao mna vitundu vidogo visivyoonekana, ambavyo damu hupenya humo.

Mwaka wa 1242 Ibn al-Nafis, akiwa kijana wa miaka yapata 29, aliandika sherehe ya kitabu cha Ibn Sina, akasema: hapana vitundu. Ukuta ule ni mnene, hauna njia ya kuonekana wala ya kutoonekana. Damu yatoka chumba cha kuume, yapita katika mshipa mpaka mapafuni, yatawanyika humo na kuchanganyika na hewa, kisha yarudi kwa mshipa mwingine katika chumba cha kushoto. Ndivyo alivyowapinga mabwana wawili kwa mara moja. Hata hivyo sifa ya Ibn Sina haikupungua, wala Ibn al-Nafis hakuacha kumsomesha.

Sherehe hiyo ilisahauliwa. Huko Ulaya Michael Servetus aliandika jambo hilo hilo mwaka wa 1553, na Realdo Colombo akaliandika mwaka wa 1559. Na mwaka wa 1628 William Harvey alieleza jinsi damu inavyouzunguka mwili wote. Mwaka wa 1661 Marcello Malpighi akaviona kwa darubini, katika pafu la chura, vijishipa vyembamba ambamo damu hupita. Sifa ikawa yao, nao waliistahili. Lakini mwaka wa 1924 tabibu kijana wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, aliikuta nakala ya Ibn al-Nafis katika maktaba ya Berlin, akawajulisha watu yaliyomo. Miaka 682 ilikuwa imepita. Kweli ilikuwa imeandikwa, wino haukufutika, lakini waliokwisha kuzoea vitundu vya Galen hawakuitafuta.

Wasikilizaji, yafaa tuungame jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika ubaoni ya kuwa buibui ana miguu sita, kama wadudu wengine. Kesho yake mwanafunzi mmoja akaja na buibui ndani ya kisanduku cha kibiriti. Akasimama, akasema kwa adabu, “Mwalimu, nimehesabu minane.” Nasi, kwa kuwa darasa lilicheka, tulimwambia aketi. Jioni, tulipobaki peke yetu, tulifungua kile kisanduku tukahesabu. Ilikuwa minane. Siku ya pili tulifuta ubao na kuandika upya. Lakini kijana yule hakuinua mkono wake tena hata mwisho wa mwaka. Kosa la hesabu tulilisahihisha kwa kitambaa. Kosa la pili halikusahihishika upesi namna hiyo.

Twasema, penye wazee haliharibiki neno, nasi twalisadiki. Lakini mzee mwema hulinda neno lisiharibike, halindi kosa lake. Al-Razi hakumvunjia Galen heshima, wala Ibn al-Nafis hakumdharau Ibn Sina. Waliwasoma kwa bidii kuliko wote, na kwa sababu waliwasoma vema, waliona mahali palipopungua.

Basi ninyi mlio wazazi na walimu, siku mtoto ajapo na kisanduku chake mkononi, msimwambie aketi kabla hamjahesabu pamoja naye. Nanyi vijana, someni kwanza. Kisha mkimkuta mwalimu amekosa, mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni.

Kwaherini.