Mbele ya kolasyo: toge, njia ya Kasindi na kitansi

Neno tulilotoa Butembo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wazazi wao



Tunajua hamuna muda mingi. Kolasyo inakaribia na kila mutu ana liste yake mukononi: suti, viatu, kitenge cha marafiki, mbuzi, picha. Hatukuja kuwaharibia sherehe. Siye pia tulivaa toge, tulimwagiwa pudre na unga mpaka nywele zikawa nyeupe, na bamama zetu walilia kwa furaha. Mutu aliyesoma miaka yote ile, huku watu wa kijiji chao wanakimbia vita na kurudi na kukimbia tena, ana haki ya kufurahi. Anayesema eti sherehe ya diplome ni upumbavu, huyo hajui inatoka wapi.

Tumekuja kusema juu ya kitu kimoja tu. Pesa ya ile furaha inapita njia gani, nani anaikata njiani, na kwa nini sisi wenye kusoma tunanyamaza?

Tuanze na hesabu.

Mwanafunzi anaanza kulipa mbele hata ya kolasyo. Siku ya kutetea kazi yake ya mwisho anatafuta suti, viatu, na kitu cha kunywa kwa walimu wanaomusikiliza. Kisha inakuja pesa ya kolasyo yenyewe, ile chuo kinaomba. Kisha kukodi toge kwa masaa machache. Kisha picha, sale, muziki, chakula. Mwenye hana, anakopa. Baba anauzisha mbuzi ao anaweka shamba rehani. Mama anaenda kuomba ku AVEC yake, akijua atarudisha na faida kwa miezi mingi. Wengine kati yetu walimaliza masomo, wakakosa pesa ya kolasyo, na karatasi yao ikabaki ku ofisi ya chuo. Mutu amefaulu, lakini hawezi kuonyesha kama amefaulu, juu hakuwa na pesa ya sherehe.

Sasa tufanye mufano. Si takwimu, ni mufano tu, kila mutu aweke namba zake. Wanafunzi 200, kila mumoja anatumia dola 50 kwa vitu vya kuvaa na vya kupamba. Hizo ni dola 10.000, siku moja, promosyo moja. Muulize: katika zile dola 10.000, ngapi zinalala Butembo? Mbuzi ni ya kwetu. Maharagi ni ya kwetu, na muchele kidogo. Lakini suti, viatu, kitambaa cha toge, pudre, sahani, maua ya plastiki, hata karatasi ya kufungia zawadi, vyote vimeingilia Kasindi. Njo maana kila mwaka, majuma machache mbele ya kolasyo, vijana wanachanga pesa, wanachagua wawili ao watatu, wanawatuma ngambo. Wanasema: «Kule ni bei ya chini.» Ni kweli, kule ni bei ya chini. Lakini bei ya mwisho haiandikwe ku duka la Kampala. Inaandikwa ku njia.

Tuzungumuze basi juu ya njia.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni karibu kilometa 80. Kwa karatasi ni safari ya asubuhi moja. Lakini ninyi munajua maana ya kupita Halungupa na Bulongo. Munajua magari yaliyochomwa, munajua kungojea askari wa kusindikiza, munajua mama anayepiga simu kila nusu saa kuuliza «mumefika wapi?». Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, ule tuliambiwa ni wa kuleta amani. Tarehe 16 mwezi wa sita mwaka ule ule, marais wawili, wa kwetu na wa Uganda, walikutana ku mupaka kuzindua kazi ya barabara. Tulipiga makofi.

Lakini tarehe 15 mwezi wa kwanza 2023, bomu ililipuka ndani ya kanisa pale Kasindi, siku ya Mungu, watu wakiwa katika ibada. Na usiku wa tarehe 16 mwezi wa sita 2023, miaka miwili kamili kiisha ile sherehe ya barabara, waasi wa ADF waliingia ku shule ya sekondari ya Lhubiriha, upande wa Mpondwe, hatua chache kutoka ku mupaka. Waliua watu karibu 40, wengi wao wanafunzi. Watoto wenye madaftari, kama siye. Mto haukuwalinda wale, na haukutulinda siye.

Kwa hiyo mutu akisema «tutume tu mutoto mumoja Kasindi aende kutuletea», tukumbuke tunamutuma wapi. Musitume dada mumoja peke yake na pesa ya watu kumi na tano kiunoni. Musimulazimishe arudi jioni juu sherehe ni kesho. Hakuna suti yenye thamani ya mutu.

Tufike sasa ku barieri, juu pale njo tunaibiwa bila bunduki.

Tumepita pale mara mingi. Unashuka na muzigo wako wa viatu, na mbele ya kufika ku gari umekutana na meza ngapi? Mumoja anaomba pesa ya kuandika jina. Mwingine ya kutazama muzigo. Mwingine hana hata meza, ana kamba tu. Kila mumoja anasema «ni sheria». Unalipa, juu gari inataka kuondoka. Haupewe karatasi. Ukiomba karatasi, bei inapanda ao muzigo unawekwa pembeni.

Wandugu, sheria iko. Ni dekreti nambari 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002. Inataja serviси zenye haki ya kufanya kazi ku mipaka ya Congo, nazo ni ine tu: OFIDA, ile leo inaitwa DGDA, yaani duani; OCC, wenye kupima bidhaa; DGM, wenye kutazama karatasi za watu; na serviси ya usafi na afya. Ine. Muzihesabu ku vidole, kidole gumba kitabaki. Huyo mwingine wote anayekuomba pesa pale, umuulize kwa heshima: «Baba, ninyi muko serviси gani kati ya zile ine?»

Tena iko jambo lingine bamama wengi hawajaambiwa. Congo na Uganda zote ziko memba wa COMESA. COMESA iliweka utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wadogo: liste ya bidhaa, na karatasi fupi ya kujaza pale pale ku mupaka. Bidhaa iliyotoka ndani ya inchi memba, kama iko ku ile liste na bei yake haipite kiwango, hailipe ushuru wa duani. Lakini tuelewane vizuri, juu wengine wanadanganya watu eti kila kitu ni bure. Mama anayevuka na maharagi ao vitunguu vilivyolimwa Uganda anaweza kusaidiwa na utaratibu ule. Kijana anayeleta viatu vilivyotoka China, vikapita tu Kampala, hapana. Huyo analipa ushuru wake ku duani, anapewa kitansi, anaenda na amani. Hatuseme watu wasilipe. Tunasema walipe mara moja, pahali pa haki, na wapewe karatasi. Pesa isiyo na kitansi haijengi shule, hailipe mwalimu, haifike hata Kinshasa.

Tangu mwezi wa saba 2022, inchi yetu ni memba kamili wa Jumuia ya Afrika Mashariki. Wakubwa walitia saini. Lakini ule mama wa beseni, pale ku barieri, hajaona bado kitu gani kimebadilika.

Pengine mutatuuliza: hayo yote yanahusu kolasyo namna gani?

Yanahusu hivi. Ile safari ya kwenda kununua vitu vya sherehe, kwa wengi wetu, iligeuka kazi ya kwanza. Tulimaliza, tulipeleka barua za kuomba kazi, tulingoja. Kiisha mutu mumoja akasema: «Wewe ulitumwa Kasindi siku ya kolasyo, unajua bei. Uniletee jozi tatu.» Kisha jozi tano. Kisha balo. Leo kuna wenye diplome ya sheria wanaouzisha viatu, wenye diplome ya agronomia wanaouzisha vifuniko vya simu. Si haya. Butembo hii haikujengwa na serikali, ilijengwa na wafanyabiashara, wazee waliotoka na magunia ya kahawa na leo wanafika mpaka Dubai na China. Kufanya biashara si kushindwa.

Kushindwa ni hapa: tunasoma fiskalite miaka mitatu, na siku tunapovuka mupaka tunalipa bila kitansi kama mutu asiyejua kusoma. Tunasoma sheria, na mama aliye nyuma yetu ku mustari ananyanganywa vitunguu mbele ya macho yetu, tunatazama simu. Tunasoma agronomia, na kakao ya Beni inatoka ingali mbegu katika magunia, inapita ku barieri ile ile, siye tunakutana nayo tukirudi na pudre. Kama diplome haitusaidie kuuliza swali moja pale ku mupaka, tulisherehekea nini?

Wengine watasema: «Hawa wana wivu, hawana kazi.» Kazi ni kweli hatuna. Lakini muda tunao, na kusoma tulisoma. Kwa hiyo haya njo tunaomba, na haya njo tutafanya.

Kwa wakubwa wa vyuo: muandike bei ya kolasyo ku karatasi, mubandike ku mulango mwanzoni mwa mwaka, na muonyeshe kila franga inaenda ku nini. Tena mutenganishe sherehe na karatasi. Mwenye kufaulu na kulipa masomo yake apewe karatasi yake, awe amevaa toge ao hapana. Sherehe ni hiari. Diplome ni haki.

Kwa wakubwa wa duani na wa mukoa: ku mulango wa barieri ya Kasindi iwekwe ubao mukubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa, wenye kuonyesha serviси ine, bei za kila moja, na liste ya bidhaa za COMESA. Kila malipo yawe na kitansi. Na wale wasio na haki ya kuwa pale waondoke.

Kwa wenye kusimamia usalama: barabara mulizindua mbele ya kamera. Watu waipite wakiwa hai. Mutuambie pia nani anajibu pale musafara unaposhambuliwa.

Kwa siye wenyewe, juu ingekuwa rahisi sana kuomba wengine tu. Kwanza, toge. Hakuna sababu kila promosyo ikodi upya. Mafundi wa kushona tunao hapa mujini, na wanafunzi wa ushonaji tunao. Promosyo moja ikichanga na kushonesha toge zake hapa, itaachia promosyo inayofuata. Pili, michango. Mwenye hana asilazimishwe, na asiwekwe pembeni siku ya picha. Tatu, mupaka. Wale kati yetu wanaovuka kila juma, tupange zamu. Wawili wawili, na dekreti iliyochapishwa mukononi, tuwasomee bamama, tuwasaidie kujaza karatasi, tuandike tarehe, saa na kiasi cha pesa iliyoombwa bila kitansi. Bila matusi, bila mawe, bila kukimbia. Ku mwisho wa mwezi tutapeleka ile liste kwa wenye kuhusika, na nakala tutaitoa mbele ya watu wote.

Wazazi, tunawaomba ninyi pia kitu kimoja. Musiuzishe shamba juu ya siku moja. Mutoto wenu kesho yake atakuwa na diplome na atahitaji pahali pa kuanzia. Lile shamba linaweza kuwa mwanzo wake.

Na ninyi finalisti, muvae vizuri, mucheze, mumwagiwe pudre. Siku ile ni yenu. Lakini kila kitu mutakacholeta kutoka ngambo, mulete na kitansi yake. Muiweke pamoja na picha za kolasyo. Wadogo zenu wakiuliza ni karatasi gani, muwaambie ni siku ya kwanza mulitumia diplome yenu.

Majina ya wanaotaka zamu ya Kasindi yanaandikwa hapa mbele, kiisha tu mukutano. Tuko pamoja.