Kokeini na Moyo

Mwaka 2004 polisi wa Kenya walikamata zaidi ya tani 1 ya kokeini, nyingi yake huko Malindi, jirani yetu. Basi yafaa tujue unga huo humfanyia mtu nini.

Moyo huenda mbio na kutaka damu zaidi. Papo hapo mishipa inayoulisha hujibana, na damu huweza kuganda ndani yake. Hata kijana mwenye afya aweza kufa.

Mwenzenu akishikwa na maumivu ya kifua, msimfiche. Mpelekeni hospitali upesi, mkamweleze daktari alichotumia, maana dawa nyingine za moyo zaweza kumzidishia madhara. Aibu itapita, aliyekufa harudi.