Hali ya Hewa kwa Wavukao Bahari Wakati wa Demani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu, Miburani, Mafia)



Tumeombwa tuseme machache juu ya hali ya hewa ambayo msafiri aitazamie akivuka bahari katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba. Twajua ya kuwa miongoni mwenu wamo mabaharia wakongwe, nao hatuna la kuwafundisha. Lakini wamo pia walimu waliohamia kutoka Bara, na wazazi wenye watoto shuleni ng'ambo, nao huuliza kila mwaka: Je, sasa bahari ni salama? Jibu letu ni hili: bahari ya demani ni tulivu kuliko ile ya miezi iliyotangulia, na utulivu wake ndio umtiao mtu katika uzembe.

Kwanza tufahamu asili ya pepo zetu. Kisiwa hiki kipo kadiri ya nyuzi 8 kusini ya Ikweta. Tangu Aprili hata Septemba jua huwa upande wa kaskazini. Nchi kubwa ya Asia hupata moto, hewa yake hupanda juu, na upepo wa kusini huvutwa kwenda kushika mahali pake. Hiyo ndiyo kusi, nayo huvuma kwa nguvu zaidi Juni na Julai. Karibu na tarehe 23 Septemba jua huvuka Ikweta, na katikati ya Oktoba hupita juu ya utosi wetu sisi watu wa Mafia. Ndipo Asia huanza kupoa, na kusi hulegea siku kwa siku na kuelekea mashariki. Mnamo Novemba upepo hauna njia moja. Ndiyo tanga mbili, wakati chombo kiwezapo kwenda huku na huku. Hata Desemba, kaskazi huwa imeshika. Kwa utaratibu huo huo majahazi ya Arabuni yalikuja pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, karne nyingi. Mwaka 1939 Alan Villiers, mtu wa Australia, alifika hata Rufiji, ng'ambo yetu hapa, ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti za mikoko.

Pili, saa za safari. Upepo wa msimu ukilegea, upepo wa nchi kavu na wa bahari hupata nafasi. Usiku Bara hupoa, na alfajiri umande huvuma kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Atokaye Rufiji kwa tanga kuja Kilindoni na aushike huo. Adhuhuri Bara huwa imepata moto, na upepo hugeuka ukavuma kutoka baharini; huo humfaa aendaye Bara. Mwenye mashine, aende huku au arudi, na aondoke mapema, kabla upepo wa mchana haujaamsha mawimbi.

Tatu, maji. Wakati wa mwezi kuandama na wakati wa mwezi mpevu huwa bamvua, na mikondo huenda mbio. Mkondo ukipambana na upepo, wimbi husimama fupi na kali, hata kama upepo wenyewe si mkubwa. Mara nyingi kungoja saa chache, mpaka maji yageuke, ni kuipata bahari nyingine kabisa.

Nne, mvua za vuli. Hizi hazilingani kila mwaka. Mwaka 2019 maji ya bahari upande wetu yalikuwa na joto kuliko yale ya upande wa mashariki, na mvua zikazidi mno. Dalili za kutazamwa ni hizi: mchana wenye joto lisilo na upepo, wingu jeusi likijikusanya upande wa Bara, kisha baridi ya ghafula usoni. Ukiisikia baridi hiyo nawe u katikati ya maji, dhoruba imekwisha kufika.

Hapa tutaje jambo lililotupata sisi wenyewe. Novemba moja tulikuwa pwani ya Bara, watu kadha wa kadha, tukingoja kuvuka. Bahari ilikuwa kama mafuta ndani ya sahani. Mmoja wetu alikuwa akiwahi maziko ya mama yake. Nahodha akatazama upande wa nchi kavu, akasema, "Leo hatuendi." Tulimlaumu, na sisi tuliosoma ndio tuliomlaumu zaidi, tukamwambia ya kwamba ni mvivu. Hata alasiri upepo ukashuka kwa kishindo, mvua ikafunga, tusiione hata mikoko iliyo mbele yetu. Kesho yake tulivuka salama. Yule mwenzetu alikuta mama yake amekwisha kuzikwa. Aliporudi kutoka kaburini alimwendea nahodha, akampa mkono, asiseme neno. Wahenga walisema: Kawia ufike.

Tano, vimbunga. Kile cha Unguja cha mwaka 1872 na kile cha Lindi cha mwaka 1952 vyote vilipiga tarehe 15 Aprili. Na Hidaya kilifika hapa hapa Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote hivyo vilikuja wakati wa masika, wala si demani. Basi, ni nini kiuacho watu wakati wa demani? Tukumbuke misiba miwili. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit ilizama karibu na Chumbe, kusi ikivuma kwa nguvu. Lakini Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikienda Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi kilichoruhusiwa, na mamia ya watu wakaangamia. Ule ulikuwa mwezi wa demani. Upepo ukipungua, hofu hupungua, na mtu huongeza gunia moja, kisha abiria mmoja, kisha mwingine.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Wazee, nahodha akisema leo hakuna safari, msimameni naye mbele ya abiria wenye haraka. Walimu, someni habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku ya safari, na mwaambie wasiojua kusoma. Nanyi nyote, chombo kikijaa, shukeni, ijapokuwa nauli mmekwisha kulipa. Usisafirie nyota ya mwenzio.

Tumekwisha. Mungu awafikishe salama kila mwendako.