Karani na Nyundo
Hotuba juu ya vyombo vya kazi na matengenezo ya nyumbani, iliyosomwa mbele ya wanachama



Kamati imeniamuru niseme nanyi jioni hii juu ya vyombo vya useremala na matengenezo madogo madogo ya nyumbani. Nimeitikia kwa hofu, kwa kuwa mimi si fundi. Mkono wangu umezoea kalamu na daftari tangu nilipotoka shule ya misheni, na humu ndani wamo wenzangu ambao baba zao ni maseremala hodari. Lakini nadhani Kamati imenichagua kwa sababu hiyo hiyo, ya kwamba jambo lililowezekana kwa karani asiye fundi litawezekana kwa karani ye yote.

Kwanza nitakiri kosa langu. Nyumbani kwangu palikuwa na kitanda cha kamba, na tendegu lake moja lilikuwa likicheza. Nilijua jambo hilo kwa muda wa miezi sita. Kila wiki nilisema, "Jumamosi nitamwita fundi," na kila Jumamosi ilikuja na shughuli yake. Mama yangu mzazi akaja kututazama, tukampa kitanda kile kwa heshima, maana ndicho kilichokuwa kipana. Usiku wa tatu tendegu likachomoka, mama akaanguka sakafuni akavunjika kifundo cha mkono. Tulipokuwa tukingoja afungwe mkono, aliniuliza, "Mwanangu, tendegu hili ulikuwa ukilijua?" Nikajibu, "Naam, mama, nilikuwa nikilijua." Hakusema neno jingine, wala mimi sikuwa na la kusema.

Siku ya pili yake jirani yetu, mzee seremala, alikuja kutupa pole. Alikitazama kitanda, akapasua kidogo ncha ya mfumbati kwa msumeno, akairudisha katika tundu la tendegu, kisha akapigilia kabari nyembamba ya mti mgumu katika ule mpasuo. Ncha ikatanuka, ikashika. Hakutumia hata msumari mmoja, wala haikupita robo saa. Kitanda kile kingali kizima. Mkono wa mama yangu ulipona, lakini haukunyoka tena sawasawa, na kila anaponyosha mkono kupokea kikombe naikumbuka ile robo saa.

Basi tangu siku hiyo nilimwomba mzee yule anifundishe, na haya nitakayosema mengi ni yake.

Najua kuna mwenzetu atakayeuliza, "Je, yafaa karani aonekane amevua koti na kushika msumeno? Watu watasemaje?" Ndugu zangu, na tuyatazame maneno haya kwa haki. Nabii Nuhu alijenga safina. Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba Nabii Daudi alifanya deraya za chuma, na Wakristo wanajua Bwana Yesu aliitwa seremala, na Mtume Paulo alishona hema. Yuko tena Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878. Alisoma uhandisi huko Edinburgh, akafanya kazi ya kuchora mitambo Berlin. Lakini katika Uganda alifua chuma, alichonga mbao, na kupiga chapa vitabu kwa mikono yake. Alifariki mwaka 1890. Hakuna aliyesema elimu yake imepungua kwa sababu ya vumbi la mbao. Elimu isiyoweza kutengeneza kiti inachokikalia ina upungufu.

Sasa nije kwenye vyombo. Msinunue vyote kwa siku moja, wala msinunue vya rahisi. Nyundo ambayo kichwa chake huruka na msumeno unaopindika kama bati ni hasara mara mbili. Afadhali kununua kimoja kizuri kila mwezi wa mshahara. Mimi nilianza hivi: nyundo yenye ukucha wa kung'olea misumari, msumeno wa mkono, bisibisi mbili, kubwa na ndogo, koleo, patasi mbili, ya nusu inchi na ya inchi moja, randa, kekee na ncha zake, tupa ya pembe tatu, futi, kipimo cha pembe, timazi, na jiwe la kunolea. Kwa hivi mtu aweza kufanya matengenezo mengi ya nyumba ya kawaida.

Jiwe la kunolea nimelitaja mwisho, lakini kwa kazi ni la kwanza. Patasi butu ni ya hatari kuliko kali, kwa sababu mtu huisukuma kwa nguvu nyingi, ikiteleza hukata mkono. Tia jiwe mafuta au maji, kwa kadiri ya jiwe lenyewe, uilaze patasi kwa mwinamo ule ule tangu mwanzo hata mwisho, kisha ugeuze upande wa nyuma uulaze kabisa juu ya jiwe uondoe ukingo uliokunjika. Unapoitumia, mikono yote miwili iwe nyuma ya makali, na kipande cha mti kishikwe na jiliwa au kifungwe mezani, wala si magotini pako.

Msumeno nao una adabu zake. Anza kwa kuuvuta nyuma mara mbili tatu ili ujifanyie njia. Kata upande wa nje wa mstari, si juu ya mstari, maana kilichopungua hakirudi. Ukikwama usiushurutishe, paka nta au sabuni kavu kwenye ubapa wake. Ukimaliza, ufute, upake mafuta kidogo, uutundike. Kutu haina likizo.

Katika kupigilia misumari wengi wetu hupasua mbao. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, gonga kidogo ncha ya msumari iwe butu, nayo itaponda nyuzi za mti badala ya kuzitenga. Ya pili, usipige misumari miwili katika mstari mmoja wa nyuzi. Urefu wa msumari nao uwe kama mara tatu ya unene wa ubao unaoushikiza. Kwa parafujo, toboa kwanza tundu jembamba kwa kekee, usugue parafujo katika sabuni, nayo itaingia bila kukata kichwa chake. Mlango ulioinama aghalabu hauna ugonjwa ila parafujo za bawaba zimelegea. Zitoe, jaza matundu kwa vijiti vya mti mgumu vilivyopakwa gundi, uache vikauke, kisha uzirudishe.

Kwa kulainisha mti tunanunua msasa dukani, nasi tumesahau jina hilo limetoka wapi. Msasa ni mti ambao majani yake yana ukwaru, na mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao.

Sasa mapaa. Bati lisipigiliwe bondeni mwa mikunjo yake ambamo maji hupita, bali juu ya mgongo. Tundu la msumari likivuja, safisha kutu, weka kiraka cha kitambaa kigumu chenye lami, ukipishe na ukingo wa tundu pande zote. Usitembee juu ya mabati ovyo; kanyaga palipo na boriti chini yake, au ulaze ubao. Na ngazi ishikwe na mtu chini. Karani anayepanda peke yake aweza kuteremka haraka kuliko alivyokusudia.

Ufa ukutani msiufunike kwa chokaa ya juu juu. Uchimbeni uwe mpana ndani kuliko mdomoni, ondoeni vumbi, lowesheni kwa maji. Maana ukuta mkavu hunywa maji ya kiraka kabla hakijashika. Kisha tieni chokaa kipimo kimoja na mchanga safi vipimo vitatu, mkakandamize vyema. Ukitumia saruji, changanya kidogo kidogo unachoweza kukimaliza kabla hakijaganda, na kwa siku kadha uwe ukinyunyiza maji. Nanyi mnajua wazee walivyosema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mchwa ni adui asiyepiga hodi. Hupenda giza na unyevu, hujenga njia za udongo ukutani. Kila mwezi pita na taa nyuma ya makabati na chini ya masanduku. Ukiona njia, ivunje, ufuate inakotoka. Nguzo au mguu wa kabati usiguse udongo. Uweke juu ya jiwe. Gonga miimo ya milango kwa mpini wa bisibisi: ikilia kama ngoma, ndani hamna mti tena.

Na bilula inayodondoka? Wengi hudharau tone. Mimi nilifanya hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Tone moja kila sekondi ni matone 86,400 kwa siku, na hayo hukaribia galoni moja. Kwa siku nne au tano umemwaga debe zima. Funga maji penye bilula kuu, fungua kichwa cha ile inayovuja, utaona kipande kidogo cha mviringo cha ngozi au mpira kilicholika. Weka kipya cha kipimo kile kile, urudishe. Basi.

Lakini yako mambo ambayo mwenye akili huyaacha. Nyaya za umeme si mchezo wa karani. Mwiteni fundi mwenye cheti, wala msitie waya mnene mahali pa fyuzi iliyoungua, maana fyuzi huungua ili nyumba isiungue. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Msizikwangue kavu, wala watoto wasicheze karibu. Na kwa nyumba ya kupanga, au nyumba tuliyopewa kwa kazi, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa ukuta, mkaweke nakala ya barua. Hilo sina haja ya kuwafundisha.

Neno langu la mwisho, Bwana Mwenyekiti, ni shauri. Wako vijana miongoni mwetu ambao mshahara wao hautoshi kununua randa wala kekee. Naomba Chama kifikiri kununua sanduku moja la vyombo vizuri, likae ofisini kwa katibu, na kila mwanachama aazime kwa kutia sahihi katika daftari na kurudisha kwa tarehe. Kutunza daftari hakutatushinda. Na siku ya kuazima, mwanachama aje na mwanawe wa kiume au wa kike, aone baba yake anavyoshika msumeno, ili naye asije akamwangusha mama yake kwa kungoja Jumamosi.

Mzee jirani yangu alipomaliza kunifundisha kabari nilimwuliza ujira wake. Akasema, "Mwanangu, ukiona tendegu la jirani linacheza, usilipite." Nami nawaachieni neno hilo.

Vyombo nilivyovitaja viko juu ya meza ile, na ye yote atakaye kuvishika na avishike. Ila patasi ni kali.