Walimu Wangapi, na kwa Sera Ipi?



Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 Tanzania iwe inajitosheleza kwa wataalamu. Wapangaji wakaanza kukokotoa. Uchumi ukikua kwa kiwango fulani, kila sekta itazalisha kiasi gani? Ili izalishe hivyo, itahitaji wahandisi wangapi, madaktari wangapi, mafundi sanifu wangapi? Vyuo navyo vidahili wanafunzi wangapi? Kiini cha hesabu hiyo kinatumika hadi leo, hata Marekani, ambako ofisi ya takwimu za kazi hutoa kila mwaka makadirio ya miaka kumi ijayo kwa mamia ya kazi.

Naiheshimu njia hiyo. Lakini ina mahali inapokatikia, na Tanzania tumepaona. Mwaka 1974 Azimio la Musoma, la chama tawala, liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Mahitaji ya walimu yakapanda kwa uamuzi wa kikao. Vyuo vya ualimu vikazidiwa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Ndio wale walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao wengi wetu tulipita mikononi mwao. Mwaka 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, madarasa yakafurika tena. Mwenendo wa miaka ya nyuma, hata ungechorwa kwa ustadi gani, usingeyaonyesha hayo. Kwa hiyo anayetangaza idadi ya walimu watakaohitajika bila kutaja sera aliyoichukulia kuwa haitabadilika, anampotosha mzazi anayeuza shamba amsomeshe mwanawe.

Zipo pia kazi zisizokuwamo kabisa kwenye jedwali la makadirio. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Aliyekadiria mwaka 2000 ajira za 2010 angemweka wapi wakala wa pesa za simu? Huyo simlaumu.

Ninacholaumu ni kuacha kuhesabu kinachohesabika. Katika kada kubwa kama ualimu na uuguzi, sehemu ya nafasi hutokana na watu kuondoka kazini. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, na tarehe zao za kuzaliwa zimo kwenye majalada. Walimu wa fizikia watakaostaafu Kigoma mwaka 2035 wanaweza kuhesabiwa wiki hii.

Naiomba serikali itangaze hesabu hiyo kila mwaka, kwa kada, kwa somo na kwa mkoa, kabla wahitimu wa kidato cha sita hawajaomba vyuo. Na kila kadirio litolewe pamoja na sera lililojengwa juu yake, ili sera ikibadilika, hesabu irudiwe mwaka huohuo.