Cheo cha Diwani si Cheo Kidogo

(Hotuba tuliyoitoa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Wiki mbili zijazo tawi hili litapendekeza majina ya watu watakaosimama kwa jina la Chama. Juzi tuliitazama orodha ya majina yaliyokwisha kuletwa. Tuliona majina saba ya wanaotaka kwenda Bungeni, na jina moja tu la anayetaka kuiwakilisha wadi. Jina la mama halikuwamo hata moja. Tulipouliza sababu tukajibiwa: "Wadi ni kazi ya taka na mitaro." Leo twataka kulijibu neno hilo, na tutalijibu kwa habari za mtu mmoja wa Kisumu.

Mtu huyo ni marehemu Mama Grace Onyango. Alisomea ualimu Vihiga, akafundisha watoto, tena akawa mmoja wa viongozi wa Girl Guides. Sisi tuliopita katika chuo cha ualimu twajua kwamba mwalimu huanza siku kwa kuita majina. Asiyejua nani hakuja, na kwa nini hakuja, hawezi kufundisha. Naye diwani kazi yake ni hiyo hiyo, ila darasa lake ni wadi.

Mwaka 1964, uhuru wa Kenya ukiwa bado mchanga, Mama Grace aliingia katika Baraza la Manispaa la Kisumu. Mwaka 1965 meya aliyekuwapo alifariki dunia, naye akashika kiti chake. Ndiye mwanamke wa kwanza kuwa meya katika Kenya. Kumbukeni kwamba wakati huo Bunge la Kenya halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura za wananchi. Mlango wa Nairobi ulikuwa umefungwa, lakini mlango wa wadi ulifunguka, naye akapita hapo.

Angalieni basi kazi yenyewe. Kisumu ilikuwa mji mdogo wa bandari na reli; hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilipata watu wapatao 32,000. Katika mji kama huo meya hana pa kujificha. Bomba likikauka, ataulizwa njiani. Soko likinuka, ataulizwa na muuza samaki. Tena meya hakuwa mtawala wa kuamuru peke yake. Madiwani ndio waliomchagua meya kutoka miongoni mwao, yeye akaongoza vikao, na shughuli za kila siku ziliendeshwa na karani wa mji pamoja na maofisa wake. Fedha zilitoka katika kodi za viwanja, leseni na ushuru wa soko. Kwa hiyo meya asiyeweza kuyasoma makadirio ya fedha hubaki kuvaa mkufu tu, na mkufu hauzibui mtaro.

Katika wakati wake barabara za Kisumu zilizokuwa na majina ya kigeni zilipewa majina ya wenyeji. Wako wanaosema jina halijazi shimo la barabara, nasi twakubali kwamba halijazi. Lakini mtu anayepita katika mji wake kama mgeni hawezi kudai shimo lijazwe. Anayejua kwamba mji ni wake ndiye atakayesimama kudai.

Mwaka 1969 watu wa Kisumu walimpeleka Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa kuwa mbunge. Alikaa miaka kumi na minne, na ndiye mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika, akiwa naibu wa muda. Mwaka 1983 alishindwa katika uchaguzi. Kura zilizompandisha ndizo zilizomshusha, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Alifariki dunia mwaka 2023.

Wengine watatuambia kwamba habari hizo ni za kale, kwani mabaraza ya miji ya zamani yaliondoka baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, na siku hizi Kisumu haina meya wa namna ile. Ni kweli. Lakini wadi hazikuondoka. Kenya ina wadi 1,450, na mwakilishi wa wadi ndiye anayepitisha fedha za kaunti na kumwuliza gavana zimekwenda wapi. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 wanawake waliochaguliwa katika wadi hizo walikuwa 82. Mwaka 2022 walikuwa 115. Pigeni hesabu, ndugu: katika kila wawakilishi mia moja, wanawake hawatimii wanane. Karibu miaka sitini imepita tangu Mama Grace ashike kiti kile, nasi bado twahesabu kwa vidole.

Tusimlaumu mtu wa mbali. Ni sisi tunaoita mikutano ya uteuzi saa mbili usiku, mama akiwa na watoto nyumbani. Ni sisi tunaosema, "Huyu apewe kazi ya kupika siku ya mkutano." Kwa hiyo twaomba tawi likubali mambo matatu. Kwanza, mkutano wa uteuzi ufanywe mchana. Pili, majina ya wadi yasipelekwe mpaka majina ya akina mama yawemo. Tatu, kila anayeomba wadi asimame hapa atuambie ni mabomba mangapi hayatoi maji katika wadi yake, na ni mtaro upi umeziba. Asiyejua aende akatazame kwanza.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wadi ni kazi ya taka na mitaro, ndiyo. Mtoto hafi kwa kukosa hotuba ya Bungeni; hufa kwa maji machafu. Basi msituletee tena orodha yenye jina moja.